Shingo Ishirini na Tatu

Mashine ya kufuma ilikuwa ya mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa mitumba. Nilijua suruali ya jinzi itaishia bei gani kabla mteja hajaishika, na nilimjua mnunuzi wa kweli kwa namna anavyoangalia zipu. Halafu shamba moja la maua kule Timau likatafuta watu wa kupanga waridi kwenye maboksi, na likataka wanawake, ati mikono yao haivunji miiba na maua pamoja. Mitumba wakati huo ilikuwa imelala. Mke wangu akaenda, akapewa kitanda katika nyumba za wafanyakazi, na mimi nikabaki Majengo, Nyeri, katika chumba kimoja, na mashine na watoto wawili: msichana wa miaka minne, na mvulana aliyekuwa ameanza kutembea juzi na tayari alitembea kama mtu aliyechelewa mahali.

Mke wangu alinifundisha kufuma kwa Jumapili nne. Alikuwa akija kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo hizo Jumapili nne zilikuwa miezi miwili. Katikati nilikuwa naharibu uzi peke yangu. Mashine yenyewe haina siri. Ni ubao mrefu wenye sindano zilizojipanga kama meno, na juu yake kuna kishikio. Ukikisukuma kulia umepata mstari mmoja, ukikirudisha kushoto umepata wa pili. Kazi ni kuhesabu. Mgongo wa sweta ya mtoto wa miaka minne unahitaji mistari themanini kabla hujaanza kupunguza vitanzi vya kwapa, na ukifuma sabini na sita mtoto atatembea kitovu nje mwezi wa saba, na Nyeri ya mwezi wa saba haina huruma na kitovu.

Nilikuwa na kifaa cha kuhesabu mistari. Mvulana alikigundua kabla sijakizoea. Kilikuwa kinalia *tik*, naye alipenda hiyo *tik* kuliko uji. Kwa hiyo nikawa nahesabu kwa mdomo, kwa sauti, kama mnadi wa ng'ombe.

"Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na..."

"Baba, mtoto amekula uzi."

"Mwingi?"

"Sijui. Umeingia wote."

Nilikuwa nauvuta uzi kinywani mwa mtoto pole pole, sentimita ishirini, thelathini, huku midomo yangu ikishikilia hamsini na mbili isije ikaanguka. Halafu nahesabu mistari upya kwa kidole, kutoka chini. Kila kitu nahesabu mara mbili. Sokoni ilikuwa tabia, hapa ikawa lazima, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ya watoto.

Sijawahi kukaa chini nikatulia miezi ile. Nikiwa mashineni miguu ilikuwa inataka kwenda kuangalia jiko, nikiwa jikoni mikono ilikuwa inataka mashine. Nilikuwa nampeleka mtoto chooni nimeshika shati kwa meno na koni ya uzi kwapani, ndipo nishangae koni imefika vipi huku. Mvulana nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama yake. Wanawake wa kwenye bomba la maji waliliona jambo hilo vizuri sana.

"Baba watoto, na maziwa unatoa wapi?"

"Kwa pakiti, mama. Kama wewe."

Walicheka, lakini siku ya pili mmoja wao alikuja kunionyesha namna ya kuikaza leso ili mtoto asininginie kama mzigo wa makaa. Kwa leso nilifaulu. Nywele zilinishinda. Msichana wangu alikuwa na nywele nyingi, na mama yake alikuwa akimsuka matuta kila Jumapili aliyokuja. Baada ya siku kumi matuta yalikuwa yamechoka, na mimi nilipojaribu kuyasuka upya, jirani aliangalia kile kichwa kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama nimepanda viazi au maharagwe. Nikawapeleka watoto wote wawili kwa kinyozi. Nilipatana naye vichwa viwili kwa bei ya kimoja na nusu, kwa hoja kwamba vile viwili vikiunganishwa havifiki kichwa cha mtu mzima. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Mke wangu aliuona ule upara. Alimweka mtoto magotini, akampapasa kichwa kuanzia paji hadi kisogoni, akarudia. Halafu akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi.

"Nikisaini tena ni mwaka mzima. Na nikisaini, watoto wanaenda Kangari kwa mama yako. Siwezi kuwacha wakue hivi, na wewe umeshika mashine na mkono moja na mtoto na ingine."

"Na usiposaini?"

"Nisiposaini tutakula nini? Mitumba?"

Kangari kuna mama yangu, chai, na baridi ya kutosha. Watoto wangekula vizuri. Lakini tungekuwa mahali patatu: yeye Timau, watoto Kangari, mimi hapa. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili ikatoa watu wanne wasiojuana. Tayari mvulana alikuwa analia mama yake akimbeba. Alikuwa anataka kurudi kwangu.

"Nipe hadi tarehe ya kusaini," nikamwambia.

"Ufanye nini?"

"Nitafute oda."

Kulikuwa na shule moja ya kibinafsi upande wa juu wa mji, na mwenye shule, ambaye kila mtu alimwita Madam, alitaka kubadilisha rangi ya sweta kutoka kijani hadi zambarau. Niliambiwa na muuza uzi, aliyekuwa ameletewa zambarau nyingi na hakujua atamuuzia nani. Nikafuma sweta moja ya shingo ya V, nikamvalisha msichana wangu, nikamfunga mvulana mgongoni, tukaenda.

Madam alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimzungusha mtoto kama anayekagua gunia. Alivuta mikono ya sweta, akaangalia mshono kwa ndani.

"Zile tulikuwa nazo zinalegea shingo," akasema. "Term moja tu, mtoto anakaa ni kama amevaa ndoo."

Mtu wa soko akisikia mteja amejitajia ugonjwa, humletea dawa hiyo hiyo. "Madam, vuta hiyo shingo. Vuta tena. Hiyo ukingo nimeikaza mimi mwenyewe. Itafika darasa la sita kama ilivyo."

Aliivuta. Ilirudi mahali pake kama mlango wa benki. Nikamwambia binti yangu aivue na kuivaa tena, mbele yake, mara tatu, na mtoto akafanya hivyo bila kusaidiwa, akifurahia kutazamwa. Iliteleza juu ya kile kipara kama soksi.

"Nifanyie za watoto wadogo kwanza," Madam akasema. "Thelathini na nane. Nataka kabla ya siku ya wazazi. Zikikaa vizuri, nitakupa shule yote."

Shule yote ilikuwa watoto mia mbili na kitu. Kazi hiyo mtu mmoja haimalizi. Inataka wawili, mmoja mashineni na mmoja wa kushona mbavu na mikono na kushika watoto. Nilimpigia mke wangu saa ya chakula cha mchana, saa pekee waliyoruhusiwa kushika simu, nikamweleza. Hakushangilia. Alisema, "Maliza hizo kwanza," na nyuma yake nikasikia wanawake wakigombania sufuria.

Nilifuma kama mtu anayekimbizwa. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimeshasimama, ya adhuhuri ilinikuta kwenye mkono wa kushoto wa sweta ya kumi, ya jioni, siku nyingine, ikanikuta nimepoteza mtoto mmoja na kumpata chini ya meza, amelala ndani ya sweta ya ishirini na moja. Vidole vilinichubuka. Binti yangu nikamfanya kipimo. Kila sweta ikiisha nilimwita, akavaa, akavua, nikaihesabu. Mwishowe aliacha hata kungoja kuitwa. Alikuwa anakuja ameinua mikono juu, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepekuliwa na polisi.

Sweta thelathini na nane, kila moja imepita. Nilizihesabu mara mbili nikiziweka kwenye gunia.

Nilizipeleka Jumanne. Siku ya kusaini ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na siku ya wazazi Jumamosi. Madam aliniambia ningoje, akaita darasa la wadogo kabisa, wale wa miaka minne. Mvulana wa kwanza alivaa, akaonekana kama mtoto wa gavana. Nikaanza kupanga maneno ya kuombea oda ya pili.

Kisha akaja msichana. Alikuwa amesukwa matuta ya kwenda juu, yamekusanyika utosini kama kikapu, na kwenye ncha ya kila tuta ushanga. Mwalimu alimwinulia mikono, akamvisha. Mikono ikaingia. Kichwa kikaingia hadi kwenye nyusi, kikasimama.

"Sukuma kidogo," nikasema.

Mwalimu akasukuma. Kutoka ndani ya zambarau ikatoka sauti ya mtoto anayekufa. Ushanga ulikuwa umekamata uzi, uzi umekamata nywele, na mtoto anazunguka darasani mikono juu bila kichwa, akigonga madawati. Wenzake walifurahi mno. Ilichukua watu wazima watatu kumtoa, na mmoja wao nilikuwa mimi, nimepiga magoti, mvulana wangu mgongoni akinishika masikio.

Tulijaribu msichana wa pili. Wa tatu hakukubali hata kusogea. Alikuwa ameshaona.

"Baba," Madam akasema taratibu, "hii ulipimia nani?"

Niliangalia kichwa cha binti yangu, aliyesimama mlangoni, kikimeta kama balbu. Shule za serikali wasichana hunyolewa. Hapa walisuka, tena wazazi walishindana. Mimi nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nilikuwa nimewaona barabarani kila asubuhi. Lakini mwanamume akishanyoa tatizo, halioni tena.

"Madam, mwili wote uko sawa. Ni ukingo peke yake. Nipe hadi Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na ikikataa Ijumaa, nivalishe nini Jumamosi?"

"Haitakataa."

"Hata hii uliniambia itafika darasa la sita." Alivua miwani. "Haijafika hata masikio."

Nilimwomba kitu kimoja: anipangie wasichana wote mstari nje. Nikatoa tepu, nikapima kila kichwa juu ya matuta na ushanga, huku nikiita namba na mwalimu akiandika. Mara ya kwanza, halafu mara ya pili kutoka mwisho kurudi mbele. Walikuwa wasichana ishirini na wawili. Akaongezeka mvulana mmoja ambaye hakuwa na nywele lakini alikuwa na kichwa cha mwenyekiti wa kamati. Shingo ishirini na tatu.

Siku ya Jumatano mke wangu alipiga mchana.

"Zilikaa?"

"Ziko karibu."

"Karibu na nini?"

Nikamwambia. Akauliza lile swali la Madam. "Ulipima na nani?"

"Na mtoto."

"Mtoto gani? Huyo umenyoa kama yai?" Alicheka kwa nguvu hadi nikasikia wengine wakimuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikakatika mahali fulani. "Sikiza. Vitanzi ngapi kwa ukingo?"

"Tisini na sita."

"Weka mia na kumi na mbili. Na usivute uzi sana ukifunga mwisho. Hapo ndipo wewe hukaza, hata ukifunga viatu vya watoto hukaza hivyo." Kisha akaongeza: "Na fumua na makasi ndogo. Kisu utakata mwili."

Ukingo wa shingo haufumuki kama mwili. Mwili ukiupata uzi wake wa mwisho unakimbia wenyewe, *prrr*, mtoto anaweza kuuvuta na kucheka. Ukingo umeshonewa kitanzi kwa kitanzi, na lazima ukate pale pale, usiguse jirani. Nilikata nikiwa nimesimama dirishani, kwa sababu nikikaa mvulana alipanda. Nilimpa uzi uliofumuliwa achezee. Akajifunga nao miguu, akafunga na mguu wa meza, na tulipotaka kwenda kununua mkate ikabidi kwanza nimfungue kama mbuzi. Shingo sita siku hiyo. Alhamisi kumi, kwa sababu binti yangu alijitolea kumlisha ndugu yake uji, na nikaamua kutoangalia uji ulikokuwa unaenda. Ijumaa nilianza na saba zilizobaki na saa sita za mchana zikinipumulia kisogoni. Kila ukingo ukiisha niliivalisha sufuria ndogo, ile inayolingana na kichwa kikubwa zaidi katika orodha ya mwalimu. Nikiupitisha nauvuta tena. Binti yangu aliuliza kama amefanya makosa, kwa nini simwiti tena avae.

"Hapana. Sufuria haina maneno."

Hakupenda.

Tulifika shuleni saa sita na dakika chache, nikitoa jasho katika baridi ile. Madam hakutaka salamu. Aliwasimamisha wote ishirini na watatu na kusema watavaa mmoja mmoja, mbele yake, hamwamini mtu. Wa kwanza akawa yule yule wa kikapu na ushanga. Alikuja akishikilia kichwa kwa mikono miwili.

Ndipo simu ikalia mfukoni.

"Niko kwa laini ya kusaini, nje ya ofisi," mke wangu akasema kwa sauti ya chini. "Niko wa nne. Wamekubali?"

"Ndio wanaanza kuvaa."

"Sasa niseme nini?"

"Ngoja."

"Laini haingoji. Niko wa tatu."

Mwalimu alikuwa anabembeleza. Mtoto alikataa kushusha mikono. "Haiumi, mami, angalia, imefunguliwa." Madam amekunja mikono kifuani. Mvulana wangu mgongoni alichagua wakati huo kulia.

"Huyo ni mtoto?" mke wangu akauliza. "Analia nini?"

"Njaa. Hapana. Sijui."

"Niko wa pili. Ambia mimi kitu."

Nilikuwa sijawahi kukubali bei maishani mwangu kabla ya kuiona mali. Mtu akinifungia bidhaa kwenye karatasi, mimi huifungua. Sweta ilikuwa bado mikononi mwa mwalimu, haijagusa hata ushanga. Na hata ingepita, kulikuwa na ishirini na mbili nyuma yake, na baada ya hizo kulikuwa na neno la Madam, ambalo sikuwa nalo.

"Toka kwa laini," nikasema.

"Wamekubali?"

"Toka. Kuja nyumbani."

Sikusikia jibu. Nilisikia mlango wa ofisi, sauti ya mwanamume akisema *anayefuata*, kisha simu ikakatika, na sikujua ameingia au ametoka.

Sweta ya kwanza ilipita. Ushanga ulilia kidogo, *chwa*, kisha uso ukatokea upande wa pili, umekunjamana, ukishangaa kuwa hai. Ya pili ikapita, ya tatu pia. Nilikuwa nahesabu lakini sikujua nahesabu nini. Msichana wa kumi na nne alikuwa amesukwa upya Alhamisi, na mama yake alikuwa ameongeza nywele za dukani hadi kichwa kikawa mara mbili. Sweta ikamkwama masikioni. Madam akaniangalia.

"Huyo sikumpima hivyo," nikasema.

"Najua. Huyo nitaongea na mama yake." Akaandika kitu. "Endelea."

Zilipita ishirini na mbili. Nikangoja lile neno. Madam alisaini karatasi yangu ya kupokea mali, akasema shule yote ni mzigo mkubwa, haoni kama naweza, anipe darasa la kwanza na la pili peke yake, halafu Januari tuangalie. Nilijaribu kusukuma. Nilisema nina mtu wa pili anakuja kusaidia, fundi kuliko mimi. Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko njiani, na hiyo ilikuwa bidhaa nyingine niliyoiuza bila kuiona.

Alifika Jumamosi mchana, na godoro lililokunjwa na beseni. Nilimpokea nje ya stendi, watoto wawili mkononi. Nilimwambia pale pale, kabla hajaweka beseni chini, kwa sababu maneno ya namna hiyo yakiingia nyumbani hayatoki.

"Amekupa ngapi?"

"Sitini na moja."

"Si shule yote."

"Si shule yote."

Alinitazama muda mrefu kama mteja asiyejua kama aondoke. Watu walikuwa wanatupita kwa mabega. "Wewe ulinitoa kwa laini nikiwa nimeshika kalamu," akasema. "Nikaambia yule karani mume wangu amepata kazi ya shule nzima. Akanipongeza." Alichukua beseni akaliweka kichwani, akatangulia. Mvulana alimkataa jioni nzima, akijificha nyuma ya magoti yangu, na mara moja tu, alipodhani hatumwoni, akaenda kugusa kiatu chake na kukimbia.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja, kwa mazoea ya shamba. Alivaa koti, akafunga kitambaa, akafungua mlango na kusimama kizingitini. Nilimwambia hapa hakuna basi la kampuni la kumpeleka kwenye maua. Akasema anajua. Alisimama tu, uzito mguu huu, halafu ule, akiangalia wenye kazi wakipita kuelekea stendi na mvuke ukiwatoka midomoni. Sikumwambia arudi ndani. Niliwasha taa, nikatoa uzi wa sweta ya kwanza ya darasa la kwanza, nikaanza kuupitisha kwenye sindano. Nilipofika mstari wa kumi na tisa mvulana aliamka, akalia, akamwona mlangoni, akalia zaidi.

"Usisimame," mke wangu akaniambia bila kugeuka. "Alie. Atazoea."

Akavua koti.